Vigae au barabara huru, hesabu au mtu mmoja mmoja: kuchagua muundo wa gemu ya mipango miji

Anayetaka kutengeneza gemu ya kompyuta kuhusu mipango miji mara nyingi huanza kwa kuuliza atumie injini gani, yaani programu ya msingi ya kujengea gemu. Swali hilo linaweza kusubiri. Yapo matatu yanayolitangulia, na ukiyajibu vibaya hakuna injini itakayokuokoa: ardhi ya mji utaihifadhi vipi kwenye kumbukumbu ya kompyuta, wakazi utawahesabu kwa jumla au mmoja mmoja, na mchezaji atakuwa na mamlaka gani juu ya ardhi ambayo tayari ina watu. Ulinganisho huu unamlenga mtu anayefanya kazi na kikundi kidogo, tuseme watu wawili au watatu, anayetaka gemu ya mji unaofanana na Dar es Salaam, Mombasa au Dodoma, na anayetaka ifunguke hata kwenye laptopu ya zamani.

Ardhi: vigae au barabara huru

Njia ya vigae, yaani kuigawa ardhi katika miraba midogo iliyo sawa, ndiyo kongwe. SimCity ya mwaka 1989, iliyobuniwa na Will Wright wa Maxis, iliigawa ramani nzima katika vigae 120 kwa 100. Msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2008 kwa jina la Micropolis, na hadi leo ni darasa zuri kwa mtu yeyote anayeingia kwenye kazi hii. Kila kigae kinabeba nambari inayosema kuna nini juu yake, na majirani zake wanajulikana papo hapo bila kutafutwa. Ramani ya vigae 256 kwa 256 ina vigae 65,536. Ukiwa na matabaka kumi (matumizi ya ardhi, mwinuko, maji, umeme, thamani ya kiwanja na kadhalika) na kila tabaka likichukua baiti moja kwa kigae, mji wote unakaa ndani ya kilobaiti 640. Simu yoyote inamudu.

Njia ya barabara huru ndiyo iliyotumika kwenye Cities: Skylines ya mwaka 2015, kazi ya kampuni ya Colossal Order ya Finland. Humo barabara ni mkunjo unaounganisha nodi mbili, yaani pointi za mwanzo na mwisho, na mchezaji anaupinda apendavyo. Ila angalia kinachotokea kando ya barabara: gemu inachora visanduku vya mita 8 kwa 8, vinne kwenda ndani, na majengo yanasimama juu ya visanduku hivyo. Yaani vigae vimerudi kwa mlango wa nyuma. Barabara ikipinda, visanduku vya upande wa ndani vinagongana na baadhi vinafutwa, hivyo zinabaki pembe tupu zisizojengeka. Huo si uzembe wa watengenezaji. Ni gharama ya kuoanisha mstari uliopinda na nyumba yenye pembe nne.

Kazi kubwa ya barabara huru imejificha kwenye makutano. Lazima uamue umbo la lami pale barabara tatu au nne zinapokutana kwa pembe yoyote, uzuie pembe kali mno, ugundue barabara mpya inapokatiza ya zamani na kuigawa vipande viwili, na uvute ncha zilizokaribiana ziwe nodi moja. Usipofanya hilo la mwisho, utapata barabara mbili zinazoonekana zimeungana kumbe kuna mwanya wa sentimita chache kati yake, na magari yote yatazunguka mbali bila mchezaji kuelewa sababu. Kwa kikundi cha watu watatu, makutano peke yake yanaweza kumeza miezi ambayo ingejenga gemu nzima ya vigae.

Hata hivyo vigae vina dhambi yao: vinaufanya kila mji uonekane kama Kariakoo ya Dar es Salaam. Mitaa ya Kariakoo iliyonyooka na kukatana inakaa kwenye vigae bila shida. Manzese, mtaa wa Dar es Salaam uliojengwa bila kupangwa, haikai, na Mji Mkongwe wa Zanzibar ndiyo kabisa, kwa sababu uhai wa sehemu hizo uko kwenye vichochoro vya mita mbili ambavyo ni vyembamba kuliko kigae chenyewe.

Dawa ipo, na haihitaji mikunjo. Fanya kigae kiwe na upande wa mita 10, ili kiwanja cha mita 20 kwa 20 kiwe vigae vinne, kisha usikihifadhi kichochoro kama kigae bali kama sifa ya ukingo kati ya vigae viwili. Kila kigae kihifadhi kingo zake mbili tu, wa kulia na wa chini, kwa kuwa wa kushoto na wa juu ni mali ya jirani. Upana ukiruhusiwa thamani nne, yaani mita 0, 2, 4 na 6, kila ukingo unahitaji biti mbili, na kingo zote za kigae zinakaa kwenye nusu baiti. Kwenye mchoro, sogeza kona za nyumba kwa pikseli chache kwa nambari ya nasibu inayotokana na nafasi ya kigae, ili mtaa usionekane umepigwa rula. Nambari hiyo itokane na nafasi kweli, isibuniwe upya kila fremu, yaani kila skrini inapochorwa. La sivyo nyumba zitatetemeka.

Kama unachora kwa mtazamo wa mshazari, kigae cha pikseli 64 kwa 32 kinawekwa kwenye skrini kwa hesabu mbili: mlalo ni (x − y) × 32, wima ni (x + y) × 16, x na y zikiwa nafasi ya kigae kwenye gridi. Chora kuanzia vigae vyenye jumla ndogo ya x na y, vinginevyo nyumba za nyuma zitazifunika za mbele.

Wakazi: hesabu za eneo, mtiririko, au mtu mmoja mmoja

Hapa njia ni tatu, na watu wengi huzijua mbili tu.

Ya kwanza ni hesabu za eneo. SimCity ya kwanza haikuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Ilikuwa na msongamano, uchafuzi, uhalifu na thamani ya ardhi, vyote vikihifadhiwa kwenye ramani ya nusu ukubwa, 60 kwa 50, na huduma za polisi na zimamoto kwenye ramani ndogo zaidi. Mzunguko mmoja wa uigaji uligawanywa hatua 16: hatua nane zilipitia kila moja sehemu ya nane ya ramani, na zilizobaki zikagawana kazi kama kukagua umeme, kodi na uchafuzi. Ujanja huo wa kugawanya kazi bado unafaa leo kwenye simu, kwani fremu moja haibebi mzigo wote na skrini haikwami. Foleni nayo ilipatikana kwa njia ya kubahatisha: kutoka eneo la makazi gemu ilitembea juu ya vigae vya barabara kwa nasibu, hadi hatua 30, ikitafuta eneo la kazi. Ikifika, vigae vilivyopitiwa viliongezewa msongamano.

Ya pili, upande wa pili kabisa, ni mawakala: kila mkazi ana rekodi yake, nyumba, kazi na safari. Cities: Skylines ilikuwa na nafasi ya rekodi 1,048,576 za wakazi, lakini wanaoweza kuonekana wakitembea kwa wakati mmoja hawazidi 65,536, na magari yanayotembea 16,384. Mji ukivuka hapo, safari nyingine hazifanyiki, na foleni unayoiona haiwakilishi tena idadi ya watu. SimCity ya mwaka 2013 nayo ilitumia mawakala, ila ili kupunguza mzigo, mfanyakazi alikwenda kwenye kazi iliyo karibu yenye nafasi na jioni akalala kwenye nyumba yoyote iliyo wazi. Wachezaji waligundua haraka. Somo lake ni kubwa kuliko gemu yenyewe: ukimpa mkazi jina na uso, mchezaji atamfuata hadi nyumbani, na asipomkuta na maisha ataacha kuziamini hata hesabu zako zilizo sahihi.

Mawakala wana maradhi mengine yanayojirudia. Ukijenga mtaa mkubwa kwa mpigo, wakazi wanahamia wakiwa na umri unaofanana, kisha miaka ya gemu ikipita wanakufa kwa wakati mmoja na magari ya maiti yanaziba mji. Dawa ni kutawanya umri wanapohamia. Magari nayo hufungana kwenye makutano, kila moja likimsubiri mwenzake. Gemu nyingi zimeishia kuyafuta yaliyosimama muda mrefu, jambo linalomficha mchezaji tatizo alilotakiwa kulitatua.

Ya tatu, na ndiyo tunayoipendekeza kwa mji wa kwetu, ni mtiririko: unahesabu safari kati ya maeneo, si mtu mmoja mmoja. Ndivyo wahandisi wa usafiri wanavyofanya kazi halisi. Gawa mji katika kata 20, utapata jedwali la jozi 400 za kutoka na kwenda. Idadi ya safari kati ya kata mbili ilingane na kaya za hapa mara ajira za kule, ikigawanywa kwa kipeo cha pili cha muda wa safari. Kisha zipitishe safari hizo kwenye barabara, na muda wa kila kipande cha barabara uongezeke kwa kanuni iliyotolewa na idara ya barabara ya Marekani mwaka 1964: muda wa kawaida × (1 + 0.15 × (magari ÷ uwezo) kwa kipeo cha nne). Barabara iliyojaa sawasawa na uwezo wake inachelewesha kwa asilimia 15 tu. Iliyobebeshwa mara mbili inachukua muda mara 3.4. Mchezaji anahisi mji unavyobadilika ghafla, na hisia hiyo ni ya kweli.

Kosa la kawaida ni kupitisha safari zote kwa pamoja kwenye njia fupi. Mwezi huu wote watapita Barabara A, itajaa, mwezi ujao wote watahamia B, A ibaki tupu, kisha watarudi. Gawa safari katika mafungu manne ya asilimia 25, na baada ya kila fungu ukokotoe upya muda wa barabara. Kwa kata 20 ni kokotoo 80 za njia fupi kwa mwezi mmoja wa gemu, mzigo mwepesi ukilinganisha na maelfu ya mawakala wanaotafuta njia kila mmoja kivyake.

Mtiririko unaibeba hata tabia ya daladala kusubiri kujaa. Kituo chenye abiria 120 kwa saa kinajaza gari la watu 30 kila dakika 15, kwa hiyo abiria anasubiri kwa wastani dakika 7 na nusu. Kituo cha pembezoni chenye abiria 20 kwa saa kinalijaza gari hilo kwa dakika 90, na wastani wa kusubiri ni dakika 45. Hapo mkazi atapanda bodaboda au atahama. Mchezaji aliyeutawanya mji mbali mbali ataona usafiri wa umma unakufa pembezoni bila wewe kuandika sharti lolote la kumwadhibu. Ukiongeza mabasi yanayoondoka kwa ratiba, kama mwendokasi ulioanza Dar es Salaam mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, unabadilisha jambo moja tu: muda wa kusubiri hautegemei tena idadi ya abiria, ila gari lisipojaa hasara ni ya mji.

| | Hesabu za eneo | Mtiririko | Mawakala |
|---|---|---|---|
| Mzigo kwa kompyuta | mdogo sana | mdogo hadi wa kati | mkubwa, unakua na mji |
| Kinachoonekana vizuri | thamani ya ardhi, huduma, uchafuzi | foleni, nauli, umbali wa kazi | maisha ya mtu mmoja |
| Kinachoharibika | foleni haina sababu ya wazi | safari zinayumba huku na kule | kufungana, vifo vya pamoja, kikomo cha idadi |
| Kurekebisha uwiano | rahisi, nambari chache | wastani | kugumu, chanzo hakionekani |

Magari ya kupendeza macho yachorwe kutokana na mtiririko: kipande chenye magari 400 kwa saa kionyeshe manne, chenye 800 kionyeshe manane. Usiyape majina wala usiruhusu yabonyezwe.

Mamlaka: barabara kwanza au nyumba kwanza

Hili ndilo swali linaloamua kama gemu yako inahusu mipango miji au inahusu kupamba ramani. Katika gemu nyingi zinazojulikana, ardhi ni tupu, meya anachora barabara, anatenga eneo, na nyumba zinatii. Mpangilio huo unaifaa Dodoma kwa kiasi fulani: uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanyika mwaka 1973, ikaundwa mamlaka ya kuustawisha mji, na mpango wake mkuu ukakamilika mwaka 1976. Lakini sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilikua kinyume. Mwenye shamba aliuza vipande, wanunuzi wakajenga, na barabara, maji na hati vikafuata baadaye, kama vilifuata. Gemu inayoanza na ardhi tupu haiwezi kuisimulia hali hiyo hata ukiipamba kwa minazi.

Njia ya nyumba kwanza inahitaji injini ndogo ya ukuaji. Kila kigae cha shamba kipite hatua sita: shamba, kipande kilichouzwa, msingi, boma, nyumba iliyohamiwa, nyumba yenye vyumba vya kupangisha uani. Kila mwezi wa gemu, piga alama ya mvuto: pointi kwa ukaribu wa kituo cha daladala, kwa bomba au kisima, kwa majirani waliokwisha kujenga, toa pointi kwa bei ya ardhi na kwa hatari ya mafuriko. Alama ikivuka kizingiti, kigae kinapanda hatua moja. Uzito wa bei uwe mkubwa kuliko wa hatari, kwa sababu bondeni ni nafuu, na ndiyo maana watu hujenga bondeni. Usipoweka hivyo mabonde yatabaki wazi na mvua haitakuwa na maana kwenye gemu.

Kazi ya mchezaji sasa ni kuwahi. Chukulia barabara ya upana wa mita 10 na urefu wa mita 300, sawa na vigae 30. Fidia ya kigae cha shamba iwe 2, ya boma 10, ya nyumba 40. Akiitenga njia wakati bado ni shamba, analipa 60. Akisubiri hadi nusu ya vigae viwe na nyumba, analipa 15 × 40 na 15 × 2, jumla 630. Somo zima la kutenga njia mapema limo ndani ya tofauti hiyo, na mchezaji hatahitaji kusomewa maelezo. Muhimu ni kumwekea bajeti isiyomruhusu kutenga kila kitu mwanzoni: apate fedha ya njia mbili au tatu, achague ipi itahitajika zaidi.

Pale nyumba zilipokwisha kusimama, mpe chombo cha pili: urasimishaji kwa makubaliano. Kichochoro cha mita 2 kinakuwa barabara ya mita 6 kila upande ukiachia mita 2. Mwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 anapoteza mita za mraba 40 kati ya 400, yaani asilimia 10, naye anapata njia ya gari hadi mlangoni na nafasi ya kupata hati. Weka utayari wake kuwa faida anayoipata ukiondoa sehemu anayopoteza. Wa asilimia 10 atakubali. Ambaye ukuta wa nyumba yake uko ndani ya ile mita 2 atakataa, na mmoja akikataa barabara nzima inakwama hapo. Mchezaji aamue: amfidie, apindishe njia, au asubiri. Sehemu hii ndiyo yenye mvuto kuliko zote, na ni vigae na kingo tulizozieleza juu zinazoiwezesha. Kwenye barabara huru ungelazimika kukata maumbo ya viwanja kwa mstari uliopinda, hesabu ngumu inayozaa vipande vidogo vya ajabu.

Hatari moja: wachezaji watatafuta njia rahisi, nayo ni bomoabomoa. Ukiiruhusu bila gharama ya kweli, kila mtu ataufuta mtaa na kuchora gridi upya. Usiizuie kwa faini ya kubuni. Weka kanuni moja kwenye msimbo: kaya haifutiki. Kaya 200 zilizobomolewa zinaingia kwenye orodha ya wanaotafuta ardhi, na kwa kuwa hazina fedha, zinachagua kigae cha bei ya chini kabisa, mara nyingi bondeni. Masika ijayo mchezaji atakutana nazo tena kwenye ramani ya mafuriko.

Mafuriko yenyewe yasikutese. Weka kina cha maji kama nambari kamili kwa kila kigae, na kila hatua kigae kimpe jirani wa chini kabisa nusu ya tofauti ya viwango vyao, ila isizidi maji kiliyonayo. Kigae chenye paa au lami kisinyonye maji, cha shamba kinyonye, na mtaro upunguze uwezo wake kila mwezi usipozolewa taka. Tumia nambari kamili kote, pamoja na fedha. Desimali hujikusanyia makosa madogo madogo, na maji yataanza kuzaliwa au kupotea yenyewe.

Ipo pia njia ya kuacha uigaji kabisa. Mwaka 2012 UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, na kampuni ya Mojang walianza kutumia Minecraft, gemu ya kujenga kwa vipande vya mchemraba, ili wakazi wachore wenyewe maeneo ya umma wanayoyataka, na Kibera, Nairobi, ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Kipande kimoja ni mita moja, kwa hiyo mchoro unasomeka kwa kila mtu. Kama lengo lako ni kikao cha mtaa kuhusu uwanja mmoja, njia hiyo inatosha na inashinda gemu yoyote ya hesabu. Haitakuambia foleni itakuwaje wala nani atahama.

Injini

Kwa muundo wa vigae, Godot inatosha: haina ada wala mrabaha, na tangu toleo la 4.3 la mwaka 2024 vigae hupangwa kwa nodi ya TileMapLayer, moja kwa kila tabaka la mchoro. Hesabu za mji usiziweke ndani ya nodi hizo. Ziweke kwenye safu za baiti pembeni, nodi zichore tu. Unity ina walimu na vifaa vingi zaidi vya 3D, lakini ada yake ya kila usakinishaji iliyotangazwa mwaka 2023 na kufutwa mwaka 2024 iliwafanya wengi wasome masharti kwa makini, na wewe yasome. Unreal inadai asilimia 5 baada ya mapato ya dola milioni moja, ila kwa laptopu ya zamani ni nzito. Na usidhani uigaji ndio utakaokwamisha gemu: Cities: Skylines II ilipotoka Oktoba 2023, kilichoilemea zaidi ni uchoraji, miundo yenye poligoni (vipande bapa vinavyounda umbo la 3D) nyingi mno kwa vitu vinavyoonekana kwa mbali.

Uchague nini

Ukiwa na watu wawili na laptopu za kawaida, na mji wako unafanana na Manzese au Mukuru ya Nairobi, chukua vigae vyenye kingo, mtiririko na nyumba kwanza. Ukitaka kuonyesha mji uliopangwa tangu mwanzo kama Dodoma, vigae na hesabu za eneo vinatosha, na mtiririko utauongeza baadaye bila kubomoa ulichojenga. Barabara huru zifae kikundi chenye mtu anayejua jiometria vizuri na muda wa kutosha, hasa kama mada ni barabara kuu na makutano. Mawakala wachague pale tu hadithi ni ya watu wachache, tuseme kaya 300 za mtaa mmoja, ambapo kila mmoja anaweza kupewa maisha kamili.

Kabla ya kuandika msimbo, chora gridi ya 12 kwa 12 kwenye karatasi, weka kituo kimoja, kisima kimoja na bonde, na ucheze miaka kumi ya ukuaji kwa penseli ukifuata alama za mvuto. Nyumba zote zikijipanga sehemu moja, uzito wa kituo ni mkubwa mno. Zikitapakaa kila mahali, kizingiti kiko chini. Karatasi inakuonyesha hilo kwa jioni moja.